Maji Niliyommiminia Mama Ireri

Kabla sijajua kusoma, nilikuwa nimeshajua kwamba mavi ya fisi hayaguswi. Nyanya yangu, ambaye kwa Kiembu tulimwita cucu, alinifunza jambo hilo tangu ningali mdogo kabisa. Fisi hula maiti, alisema, kwa hiyo kinachotoka ndani yake kina mtu ndani. Anayekigusa huingiwa na mugiro, uchafu usioonekana ambao maji peke yake hayauondoi, na asipotakaswa kwa mbuzi, uchafu huo huanza na watoto wa nyumba yake. Cucu hakuwa Mkristo. Baba na mama walikuwa Wakristo wa kubatizwa, na walinikataza kumsikiliza. Lakini katika siku zote za utoto wangu sikumwona baba akikuta mavi ya fisi njiani asizunguke mbali.

Nilikuwa na miaka tisa hivi serikali ilipotutoa kwenye mashamba yetu na kutukusanya katika kijiji kimoja, sehemu za chini za Embu, kando ya njia iendayo Ishiara. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Nyumba zilipangwa mistari mistari, zimebanana hivi kwamba jirani akikohoa unaamka wewe. Kijiji kilizungukwa na mtaro uliosimikwa vijiti vilivyochongwa, na langoni walikaa homgadi, askari wenyeji wa serikali, wenye bunduki. Vyoo vilichimbwa upande wa juu, kisima kikawa upande wa chini, na hakuna aliyetuuliza. Viroboto walikuwa wa kila mtu. Hata leo nikikikumbuka kijiji kile, pua ndiyo inayotangulia kukumbuka.

Ushirika wetu ulikuwa mdogo, watu wazima thelathini wakiongozwa na mwinjilisti aliyeitwa Mwalimu Elifazi, na baba yangu alikuwa mmoja wa wazee wake. Kanisa lilikuwa nyumba ya udongo ya kuezekwa kwa nyasi, na mlangoni palitundikwa mkeka tu. Kila Jumamosi wanawake walipaka sakafu yake kwa mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, wakiimba, na hakuna aliyeziba pua. Mwalimu Elifazi alikuwa na kitu kimoja kilichomfanya aheshimiwe hata na wasiosali. Mwanamke aliyeandikwa katika daftari la ushirika alipewa karatasi yenye sahihi ya Mwalimu, na homgadi wa langoni akiiona alimruhusu kwenda kulima shamba lake. Asiyekuwa na karatasi alikwenda kuchimba mtaro.

Mama Ireri alikuwa na karatasi hiyo, ingawa wengi walinung'unika. Mumewe alikuwa ametoweka mwaka uliotangulia. Wengine walisema aliingia msituni, wengine walisema alipigwa risasi kabla ya kufika huko. Hakuna aliyejua, na yeye hakuulizwa, maana kumlilia mtu wa msituni kulikuwa kosa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nene kama ya mwanamume, na ndiye aliyetufundisha sisi watoto nyimbo za kanisa. Ireri, mwanawe wa pekee, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Jumamosi moja nilitumwa na mama nikasaidie kuleta maji ya kupaka sakafu. Nilipofika, nilikuta wanawake wamesimama nje ya kanisa wamejiziba midomo kwa leso. Fisi alikuwa ameingia usiku kupitia mkeka ule na kujisaidia katikati ya kanisa, hatua chache tu kutoka meza ya mwinjilisti. Nilichungulia. Yalikuwa mabichi, ya kijani, mengi kuliko nilivyodhani mnyama mmoja angeweza kuyatoa, na ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vya mifupa na nywele. Nzi walikuwa wamefika kabla yetu. 

Mwalimu Elifazi aliitwa. Akaja, akatazama kutoka mlangoni, akasema hili ni jambo dogo, sisi ni watoto wa nuru, mtu mmoja achukue jembe atoe. Kisha akakumbuka ana kazi nyumbani. Baba yangu pia alikumbuka kazi. Wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Watu hawa walikuwa wamehubiri kila Jumapili kwamba mugiro ni uongo wa shetani, na sasa kila mmoja alikuwa anamtafuta mwingine wa kuamini kwa niaba yake. Wakati huo sikuliona hivyo. Niliona tu kwamba wakubwa wanaogopa, kwa hiyo cucu alikuwa amesema kweli.

Aliyebaki alikuwa Mama Ireri, na mimi kwa sababu mtungi wa maji ulikuwa wangu. Alimkaza Ireri mgongoni, akaingia. Jembe lilikuwa pale limeegemea ukuta, lakini hakulishika. Alipiga magoti akaanza kuyakusanya kwa mikono, polepole, akiweka kwenye jani la mgomba. Aliokota hadi vipande vidogo vilivyoganda kwenye sakafu. Nilimwona akitoa kitu katikati ya uchafu ule, akakifuta kwa kidole gumba. Kilikuwa kifungo cha shati, cheusi, chenye matundu manne. Alikitazama, akakifunga kwenye pindo la leso yake.

Kisha alitoka na lile jani nyuma ya kanisa, akachimba shimo kwa mti, akazika. Alisimama hapo ameinamisha kichwa, midomo ikicheza bila sauti. Nikaelewa, hata kwa akili za miaka tisa, kwamba anafanya mazishi.

Aliporudi alinyoosha mikono mbele yangu. "Nimiminie maji, mwanangu," akasema.

Nilimmiminia. Niliinamisha mtungi kupita kiasi, maji yakaruka kutoka kwenye vidole vyake yakanimwagikia miguuni. Yalikuwa ya kijani. Nilikimbia hadi nyuma ya nyumba yetu, nikasugua miguu kwa vumbi mpaka ngozi ikawaka. Sikumwambia mtu.

Mvua ziliponyesha majuma machache baadaye, ugonjwa wa kuhara damu uliingia kijijini. Leo kila mtu angejua chanzo chake. Maji ya vyoo yaliteremka kisimani nasi tukayanywa. Lakini siku hizo tulihesabu vifo tu. Walikufa watoto wa mstari wetu, kisha wa mstari wa pili, kisha akafa binti mdogo wa Mwalimu Elifazi, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameanza kuita majina yetu. Mwalimu aliongoza mazishi mwenyewe. Baada ya siku hiyo hakuwa mtu yule tuliyemjua, na ninaposema mabaya yake, huwa najikumbusha kwamba alimzika mtoto.

Ireri hakuugua. Hilo ndilo lililowamaliza watu. Cucu alikuwa amesema mugiro huanza na watoto wa nyumba ya aliyegusa, na sasa watoto wa wengine wanakufa huku wa Mama Ireri ananenepa mgongoni. Ilisemwa kisimani kwamba ameutupia wenzake.

Jumapili moja baada ya ibada, wageni waliambiwa watoke, ushirika ukabaki. Mwalimu Elifazi alisema kwamba sisi hatuamini mambo ya giza, ila kwa ajili ya amani ya ushirika ni vizuri ukweli ujulikane. Akauliza ni nani alikuwepo siku ile. Mama yangu akanisukuma mbele.

Nilisimama mbele ya watu wazima thelathini. Mwalimu aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kunitisha. Aliuliza kama nilimwona Mama Ireri akishika uchafu kwa mikono. Nikasema nilimwona.

"Na alinawa?" akauliza.

Ningesema kweli, lingefuata swali la nani aliyemmiminia maji. Na baada ya hilo kila jicho lingeshuka miguuni mwangu. Miguu yangu ilikuwa imeingiwa na funza, imevimba kwenye vidole, na usiku nililala nikiamini si funza bali ni ule mugiro unaonipanda. Nilijiona nikifukuzwa nyumbani. Nilimwona mdogo wangu akifa.

"Hakunawa," nikasema.

Kanisa zima likavuta pumzi. Mama Ireri alinitazama usoni, kisha akatazama miguu yangu, kisha akatazama usoni tena. Nilingoja anikanushe. Alikuwa na maneno ya kutosha kunimaliza. Mwalimu akamuuliza ana la kujibu.

"Mtoto amesema alichoona," akasema Mama Ireri, akaketi.

Hakueleza kwa nini alitumia mikono. Angelieleza, ingebidi aseme kwamba alimzika mtu, na miongoni mwetu walikuwamo ndugu za homgadi. Kwa hiyo ikabaki kwamba ni mwanamke mchafu tu aliyeshika mavi ya fisi na kuketi mezani bila kunawa.

Siku mbili baadaye, mchana jua likiwaka, mzee mmoja wa kutakasa aliletwa kutoka ng'ambo ya mto. Baba aliwaambia homgadi kwamba ni fundi wa kuezeka paa. Mbuzi alikuwa wetu, jike la rangi ya kahawia nililokuwa nikilichunga. Lilichinjwa ndani ya kanisa, tumbo likapasuliwa, na yale majani yaliyosagika tumboni, yakiwa bado yana moto, yakachotwa na kunyunyizwa kwa tawi: ukutani, kwenye mabenchi, kwenye meza ambapo Biblia ilikuwa imeondolewa kwanza kwa heshima. Wazee wote wa kanisa walikuwapo. Niliwachungulia kupitia ufa wa ukuta. Mwalimu Elifazi, aliyekuwa amewafukuza watu ushirikani kwa kosa la kwenda kwa mganga, alishika beseni.

Mama Ireri alisikia, akaja na mtoto wake mgongoni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaomba nao wanyunyiziwe, yeye na Ireri, yaishe.

Mwalimu alimjibu kwamba yeye ni Mkristo, na Mkristo hatakaswi kwa mbuzi.

"Na nyumba ya Mungu je?" aliuliza Mama Ireri.

Mwalimu aliinamia beseni. Yule mzee wa kutakasa ndiye peke yake aliyeona aibu. Alisema kuacha mtu na kutakasa ukuta ni kazi bure, na kwamba yeye yuko tayari, tawi bado lina maji. Baba akampa ngozi na mguu mmoja wa mbuzi, akamsindikiza langoni.

Nyama iliyobaki ililiwa nyumbani kwetu jioni ile, na wazee walioshiba waliomba kwa sauti ya chini. Mimi pia nilikula. Nilikuwa sijaonja nyama kwa miezi. Nililia kwa ajili ya mbuzi wangu huku natafuna, na nikaomba niongezewe.

Kasisi alikuja mwisho wa mwezi ule. Alikuwa akija mara chache, kwa kibali, kutupatia Meza ya Bwana, mkate na divai, na safari hii kanisa lilinuka. Yale majani yalikuwa yamekauka ukutani na kufanya magamba ya kijani, nzi wamelala juu yake. Kasisi aliuliza kulikoni. Mwalimu Elifazi akasema mbuzi aliingia.

Wanawake walipiga magoti kwa mstari, Mama Ireri katikati kama kawaida yake, na mama yangu akiwa kushoto kwake. Sisi watoto tulikaa sakafuni mbele, kwa hiyo niliwaona kutoka chini. Kikombe kikaja kutoka kulia. Mama Ireri akanywa. Kikaja kwa mama yangu. Aliinua kichwa, akakiegemeza kikombe kwenye midomo yake, na nikaona midomo imefungwa kabisa, imebanwa hadi imebadilika rangi. Koo lake halikucheza. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Wanawake tisa walijifanya kunywa damu ya Bwana na hakuna hata mmoja aliyemeza, na kila mmoja aliitikia amina.

Kasisi alibaki na kikombe chenye divai nyingi bado. Desturi ilimtaka amalize kilichosalia, naye akakinywa chote, taratibu, huku ushirika mzima ukimkodolea macho kama mtu anayekunywa sumu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ibada ilipokwisha wale wanawake walikwenda nyuma ya kanisa wakatema mate, mama yangu akiwemo. Walitemea mahali palepale Mama Ireri alipozika. Hawakujua, na mimi sikuwaambia.

Nilichukia sana siku ile, na sikujua nachukia nini. Nilidhani ni harufu.

Wazee walikutana juma lililofuata, wakasema kikombe lazima kinyweke, na njia ilikuwa moja. Jina la Mama Ireri likafutwa daftarini. Waliandika kwamba ametengwa kwa ajili ya nidhamu, bila kutaja kosa. Mwalimu Elifazi alikwenda kwake kuichukua ile karatasi. Kesho yake alfajiri nilimwona langoni katika kundi la wake za watu wa msituni, jembe begani, Ireri mgongoni, wakihesabiwa kwenda mtaroni. Alichimba mtaro ule hadi kijiji kilipovunjwa. Shamba lake lilirudi kuwa kichaka, na msimu mmoja aliishi kwa mboga za mwituni na alichopewa na wale wake za watu wa msituni, ambao hawakuwa Wakristo na hawakumwogopa.

Ugonjwa uliisha mvua zilipoisha. Ushirika ulisema, mnaona, tulipomtoa ukaisha.

Nami niliungoja mugiro wangu. Niliungoja mwaka mzima. Mama alinitoa funza kwa mwiba, miguu ikapona, mdogo wangu akakua, hakuna aliyekufa nyumbani kwetu. Mtu angedhani nilifarijika. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimemtoa mtu kafara kwa jambo ambalo halikuwepo.

Miaka mingi baada ya uhuru, nikiwa tayari mwalimu wa shule ya msingi, nilimkuta sokoni Ishiara akiuza ndengu. Nywele zilikuwa nyeupe, sauti ni ile ile. Nilipiga magoti kando ya gunia lake nikamwambia yote, jinsi nilivyommiminia maji na jinsi nilivyosema hakunawa. Aliendelea kupepeta ndengu zake hadi nilipomaliza.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona ulivyoogopea miguu yako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunikanusha. Akasema angefanya nini, aongeze mtoto mwingine katika shida ile? Nikamuuliza kuhusu kile kifungo. Alicheka kidogo bila furaha. Shati la mumewe halikuwa na kifungo hata kimoja, alisema, alikuwa akilifunga kwa uzi. Hakujua alimzika nani. Alikuwa mtu wa mtu, basi.

Nilimwomba msamaha. Aliniangalia, si kwa ukali.

"Wewe sikuwahi kukukasirikia," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto mmoja. Watu wazima walikuwa thelathini."

Kisha mteja akaja, naye akamgeukia. Nilinunua ndengu nyingi kuliko nilivyohitaji. Nilipomuuliza kama anasali mahali, alisema anasali nyumbani. Alikufa kabla sijarudi tena Ishiara, na Ireri, aliyekuwa dereva wa lori, ndiye aliyenipa habari.

Kanisa letu sasa ni la mawe, lina kengele na madirisha ya vioo. Hivi majuzi walifanya sherehe ya kukumbuka mwanzo wake. Walisoma majina ya waanzilishi, Mwalimu Elifazi wa kwanza, baba yangu wa nne. Jina la Mama Ireri halikuwepo, na lingekuwepo vipi, lilifutwa. Kwa kuwa mimi ndiye mzee kuliko wote waliobaki, nilipewa kipaza sauti niwaeleze vijana jinsi wazazi wetu walivyoshika imani katika siku ngumu. Niliwaeleza. Nilieleza kuhusu fisi, mbuzi, kikombe na karatasi, na nikaeleza nilichosema mimi nilipoulizwa. Sikupunguza.

Nilimaliza. Mchungaji kijana akachukua kipaza sauti, akanishukuru kwa ushuhuda wenye mafundisho mengi, akaomba tusimame tuimbe. Waliimba vizuri sana, kwa sauti nne. Mimi nilibaki nimekaa, kinywa changu kimefungwa, kikinijaa mate machungu, na nikatambua kwamba kile nilichokichukia siku ile sakafuni hakikuwa harufu hata kidogo, bali amina ile ya vinywa vilivyokataa kumeza.